Kuacha Dadu Mezani

Burundi haimo. Kwenye ubao wa Risk kuna nchi 42 zilizogawanywa katika mabara 6, na Afrika imepewa 6 tu kati ya hizo: Afrika Kaskazini, Misri, Afrika Mashariki, Kongo, Afrika Kusini na Madagaska. Ukitafuta Bujumbura kwa kidole, kidole kitatua karibu na mstari unaotenganisha Kongo na Afrika Mashariki, na hakuna kanuni inayosema wewe uhesabiwe upande gani. Nilicheza kwa muda mrefu bila kulitilia jambo hilo maanani. Mtu anayejifunza mchezo hatazami kilichokosekana. Anatazama rangi yake imekaa wapi, na jirani yake ni nani.

Aliyeubuni ni Mfaransa, Albert Lamorisse, ambaye kazi yake hasa ilikuwa filamu. Mwaka 1956 alitoa Le Ballon rouge, filamu fupi ya mtoto wa Paris anayefuatwa na puto jekundu, ikapata Palme d'Or ya filamu fupi kule Cannes na baadaye tuzo ya Oscar ya uandishi. Mwaka uliofuata mchezo wake ukaingia madukani Ufaransa kwa jina la La Conquête du Monde, yaani kuuteka ulimwengu, na mwaka 1959 kampuni ya Parker Brothers ikautoa Marekani kwa jina tunaloliita sasa. Kila nikiikumbuka habari hiyo nacheka peke yangu. Mkono ule ule uliotunga huruma ya mtoto kwa puto ndio uliotufundisha kummaliza jirani karata zikiwa bado mkononi mwake. Labda mtu mmoja hubeba vyote viwili bila taabu. Labda sisi ndio tunaotaka kila mtu awe na sura moja.

Sanduku letu lilifika Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, kutoka Ubelgiji, ndani ya mzigo wa shemeji yangu, likiwa limeshatumika miaka na miaka. Askari weusi ni pungufu. Mizinga ya njano ilipotea yote, na badala yake tunaweka maharage: harage moja la njano ni mzinga mmoja, na mzinga mmoja ni askari 10. Siku hizi maharage ya njano si ya kuchezea, kwa hiyo vita vikiisha yanahesabiwa, na mke wangu huyarudisha jikoni kabla ya kuuliza nani ameshinda. Tunacheza watatu au wanne: mimi, binti wa dada yangu anayesoma chuo kikuu, jirani yangu dereva wa teksi, na mara nyingine mwalimu mmoja wa mtaa wa pili ambaye hushindwa mapema na kubaki kuwa mshauri wa kila mtu. Dereva tulimpata kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Gari likikaa siku mbili kwenye foleni ya petroli, mwenye gari ana jioni nyingi za kujaza.

Mgeni wa mchezo huu huipenda Asia, na mimi niliipenda kuliko wengi. Ni pana, ina nchi 12, na anayeishika yote hupewa askari 7 wa nyongeza kila zamu, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini hutoa 5, Afrika 3, Amerika Kusini 2 na Australia 2. Hesabu ilinionyesha wazi kwamba 7 ni zaidi ya 2. Nilichokuwa sikioni ni milango. Asia inaingilika kutoka Ulaya, kutoka Misri na Afrika Mashariki, kutoka Alaska kwa kuvuka maji hadi Kamchatka, na kutoka Indonesia. Anayeitaka inambidi alinde nchi 5 kwa pamoja. Australia ina nchi 4 na mlango mmoja tu, ule wa Siam. Binti wa dada yangu alikuwa akikaa pale kwenye kona yake, ameweka rundo la askari mlangoni, anaendelea kusoma ujumbe kwenye simu huku sisi tukichinjana.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo ilinichukua muda kuielewa, ingawa nilikuwa naitumia kila zamu. Askari unaopewa mwanzoni mwa zamu ni idadi ya nchi zako ikigawanywa kwa 3, lakini huwezi kupewa chini ya 3. Maana yake ni kwamba mwenye nchi 4 na mwenye nchi 11 wanapewa sawa, askari 3. Mimi nilikuwa na nchi 11, zimetawanyika kuanzia Uralu hadi Mongolia, na nilijihisi mkubwa. Binti alikuwa na 4 na bara lake, anapokea 5. Kila zamu alikuwa ananizidi askari 2, na mimi kila zamu nilikuwa nahesabu nchi. Sidhani ulikuwa ujinga wa hesabu, kwa sababu kugawanya 11 kwa 3 naweza. Nadhani macho yangu yalipenda kuona rangi yangu imeenea, na kilichopendwa na macho hakihojiwi haraka.

Halafu kuna dadu. Mshambuliaji hutupa hadi dadu 3, mlinzi hadi 2, kubwa inapimwa na kubwa, ya pili na ya pili, na zikilingana mlinzi ndiye anayeshinda. Watu waliokaa wakahesabu wameonyesha kwamba dadu 3 zikipambana na 2, mshambuliaji huua wawili bila kupoteza mtu kama mara 37 katika 100, kila upande hupoteza mmoja kama mara 34, na mshambuliaji hupoteza wawili kama mara 29. Kwa hiyo mwenye askari wengi ananufaika kwa kushambulia, kidogo kidogo. Lakini akibaki na dadu moja dhidi ya moja, anashinda mara 15 tu katika 36, kwa sababu sare zote si zake. Faida ya mshambuliaji hudumu muda ambao bado ana watu. Ikifika pale anapotaka tu kumalizia, kale kanchi kamoja kaliko mbele, askari wamebaki wawili, dadu zimegeuka za mlinzi na yeye hajagundua.

Hapo ndipo wanaoanza hulaumu bahati. Pale karibu na soko la Buyenzi wapo wazee wanaocheza kibuguzo, lile bao la mashimo 32 na kete 64, na nimewahi kusimama pembeni nikasikiliza wanavyozungumza mtu akifungwa. Hakuna anayesema bahati. Kete zote ziko wazi, hakuna kilichofichwa. Aliyeliwa ameliwa kwa hesabu, na wenzake wanamrudishia hatua moja moja hadi pale alipoharibu. Kwetu kwenye Risk kila mtu anatoka na hadithi ya dadu. Dereva ana kisa cha sita tatu alizotupa binti huyu pale Islandi, anakisimulia kama msiba wa kitaifa. Mimi pia ninazo hadithi zangu. Nimejaribu kuzipunguza, kwa sababu niligundua kwamba dadu ninayoikumbuka ni ile ya mwisho tu, ile iliyonivunja, na siikumbuki kamwe zamu mbili za nyuma ambapo ningeweza kuacha na sikuacha.

Neno hilo la kuacha ndilo limenishughulisha zaidi ya mengine yote ya mchezo huu. Zamu ina sehemu tatu: unaweka askari wapya, unashambulia, kisha unahamisha kikosi kimoja kwenda nchi ya jirani. Hakuna anayekuambia ushambulie mara ngapi. Unaweza usishambulie kabisa. Unaweza kushambulia hadi askari wako wote wawe mmoja mmoja, kwa kuwa ni lazima kubakiza mmoja kila unakopita, na ukifanya hivyo unaweza kuchora mstari mrefu wa rangi yako kutoka Brazili hadi India kwa zamu moja tu. Ni raha isiyo na kifani. Kisha unampa mwenzako dadu, na yeye anautembea mstari ule ule kurudi nyuma, kila nchi ina askari mmoja, na askari mmoja halindi kitu.

Kanuni ya karata ndiyo iliyonifundisha kwamba nchi moja kwa zamu inatosha. Ukiteka angalau nchi moja, unapata karata moja mwisho wa zamu. Ukiteka kumi, karata ni hiyo hiyo moja. Karata 3 zinazopatana, askari wa miguu watatu, au wapanda farasi watatu, au mizinga mitatu, au moja ya kila aina, zinabadilishwa kwa askari wapya. Sisi tunafuata kanuni ya thamani inayopanda: seti ya kwanza mezani inatoa 4, ya pili 6, kisha 8, 10, 12, halafu 15, halafu 20. Kwa hiyo mchezaji mzuri huteka nchi moja dhaifu, anachukua karata, anarundika waliobaki mlangoni, na anaacha dadu mezani. Ukimtazama utadhani anaogopa.

Kusema hivyo ni rahisi, na hapa naandika kana kwamba nimeshakuwa mchezaji wa namna hiyo. Sijawa. Dadu zikianza kunitii mkono wangu huwa na akili zake. Nimetazama wengine na kuona kwamba si mimi peke yangu: mtu akishinda mapambano matatu mfululizo sauti yake hubadilika, anaanza kurusha dadu kabla mlinzi hajaokota zake, na ukimwambia ahesabu askari waliobaki anakasirika. Mwalimu ana dawa yake, nayo ni kutaja kwa sauti, kabla ya kushika dadu, nchi atakayoishia. "Naishia Misri." Akifika Misri anaweka dadu chini hata kama ana askari 8 mkononi. Kwa kuwa yeye ndiye anayeshindwa mapema kuliko sote, dawa yake tuliicheka. Baadaye nikaanza kuitumia kimoyomoyo bila kumwambia. Nimegundua tatizo lake: nikitaja kimoyomoyo, huwa nabadilisha kimoyomoyo.

Shangazi yangu hakupenda sanduku hili tangu mwanzo. Ni mtu wa makamo ya kuheshimiwa, ameishi Buyenzi miaka yote ya vita vilivyoanza 1993, miaka ambayo mitaa mingi ya mji huu iligawanyika kwa kabila na mtaa wetu ukabaki mchanganyiko, wakapokewa watu waliokimbia kwingine. Alisimama siku moja nyuma ya kiti changu, akatazama ubao kwa muda, kisha akauliza: "Na wenyeji wako wapi?" Nilimweleza kwamba rangi nyekundu ni yangu, ya kijani ya binti. "Hao ni askari," alisema. "Nauliza wenyeji." Nikapekua akilini kitabu chote cha kanuni. Tangu mwanzo wa mchezo kila nchi imekaliwa na askari wa mtu fulani, hata kabla dadu ya kwanza haijatupwa. Hakuna nchi yenye watu wake. "Hamna, shangazi," nikamjibu. Akaenda zake kuswali.

Swali lile lilinirudisha kwenye vitabu, kwa sababu ziwa hili letu la Tanganyika limewahi kuchezewa mchezo wa namna hiyo na watu waliokuwa na ubao kama wetu. Karne ya 19, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na ngome Ujiji, na biashara yake ya pembe na watumwa ilizunguka ziwa lote. Alijaribu kuingia Burundi na mfalme Mwezi Gisabo akamzuia. Wapo miongoni mwetu hapa Buyenzi ambao koo zao zilifika Bujumbura kwa kufuata njia hizo hizo za Ujiji na Kongo, na lugha ninayoandikia ilipanda ziwa pamoja na misafara ile. Kwa hiyo nikisoma kwamba Mwezi alimshinda Rumaliza, sijui mara zote nifurahi kwa upande upi. Nafikiri nafurahi kwa upande wa Mwezi. Lakini ninafurahi kwa Kiswahili.

Alichokuwa nacho Mwezi, kwa lugha ya ubao, ni bara dogo lenye milima na milango michache, na alikilinda alichonacho. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1890, hakukimbilia kupigana nao uwanjani. Alijiondoa, alikaa mbali, aliwaacha wapande na kushuka. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Kapteni von Beringe alipompandia mwaka 1903, alikuwa na msaada wa Maconco na Kilima, wakuu wa nchi hiyo hiyo waliokuwa wakishindana na mfalme wao. Tarehe 6 Juni 1903, kule Kiganda, Mwezi alikubali mkataba wa kuutambua utawala wa Wajerumani, akatozwa faini ya ng'ombe, na Maconco na Kilima wakatambuliwa kuwa huru kutoka kwake. Haikupita miaka mingi Wajerumani wakawageukia wote wawili, wakamrudia mfalme, kwa kuwa kutawala kupitia mtu mmoja mwenye heshima ni rahisi kuliko kupitia watatu wanaogombana. Kila anayecheza Risk anaijua hali hiyo ya mshirika aliyekwisha matumizi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kwamba nimeielewa haraka, halafu furaha ile ikanikera. Maconco hakuwa kipande cha plastiki.

Kisha ikaja vita kuu. Waingereza walibeba mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mabega ya Waafrika, hadi ukingo wa magharibi wa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Mashua mbili, na nguvu za ziwa zikaanza kugeuka. Juni mwaka huo huo Wabelgiji waliingia Usumbura na Gitega kutoka upande wa Kongo, na Septemba walikuwa Tabora.

Na hapa ndipo niliposimama nikakifunga kitabu kwa muda. Ubelgiji haikuziteka Rwanda na Burundi kwa sababu ilizitaka. Wakuu wake walitumaini kwamba baada ya vita nchi walizozishika zingewasaidia katika mabadilishano yatakayowapa ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, uliokuwa mikononi mwa Ureno. Tulikuwa karata. Tuliokotwa mwisho wa zamu, tukawekwa pembeni tusubiri mbili nyingine zinazopatana, na hazikupatana. Ureno haikutoa ukingo wake. Mwaka 1919 Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza wakakubaliana, Ruanda-Urundi ikabaki kwa Wabelgiji, na tukakaa mkononi mwao hadi tarehe 1 Julai 1962. Hesabu zetu za shule, Kifaransa kilichoandikwa kwenye sanduku la mchezo wangu, hata shemeji yangu kuishi Ubelgiji badala ya kwingine, vyote vinatokana kwa sehemu na mabadilishano ambayo hayakufanyika.

Sikuacha kucheza baada ya hapo, na nimejiuliza kama nilipaswa. Jibu huja tofauti kwa siku tofauti. Siku nyingine naona kwamba mtu aliyekuwa karata ana haki ya kukaa kiti cha mchezaji, ajue kwa mkono wake jinsi nchi inavyoonekana kutoka juu, jinsi inavyokuwa rahisi kusema "hapa nitapaacha na mmoja." Siku nyingine naona ni kujidanganya kwa maneno mazuri, na kwamba nacheza kwa sababu nacheza. Binti wa dada yangu hana shida hii. Nilipomsimulia habari ya Ureno na mdomo wa mto alisikiliza vizuri, akauliza maswali, kisha akasema: "Basi Mjomba, ilikuwa makosa yao kushika karata muda mrefu." Sikujua nicheke au nimkemee. Nilicheka.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha jambo la kadi za siri. Katika sanduku letu kila mchezaji hupewa mwanzoni kadi ya kazi yake, na si wote wanaotakiwa kuuteka ulimwengu. Mmoja anaweza kuwa ametakiwa nchi 24 za popote, mwingine Asia na Amerika Kusini, mwingine kummaliza mwenye rangi fulani. Nilikuwa nacheza kana kwamba kila aliye mbele yangu anataka nilichokitaka mimi. Nilimlinda binti asiingie Ulaya kwa jioni nzima, nikamwaga askari wengi Islandi na Skandinavia, na mwisho wa mchezo akafunua kadi: hakuitaka Ulaya, hakuwa na haja nayo hata kidogo. Tangu siku hiyo namtazama mtu anavyoacha zaidi ya anavyoshambulia. Pale ambapo angeweza kuingia na hakuingia ndipo panaposema kidogo anataka nini. Ingawa, ukweli ni kwamba mtu anaweza pia kuacha kwa sababu ya usingizi.

Usingizi nautaja kwa sababu. Jioni moja dereva alikuja ametoka kulala ndani ya gari kwenye foleni, macho mekundu, akala sambusa mbili na kukaa. Kufikia katikati ya mchezo alikuwa amebaki na Brazili na Argentina tu, askari mmoja na wawili, na karata 4 mkononi. Mimi nilikuwa na Afrika yote, na kikosi cha 9 kimesimama Afrika Kaskazini, ng'ambo tu ya maji. Kila anayejua mchezo anajua cha kufanya hapo. Ukimmaliza mtu unarithi karata zake. Nilishika dadu, nikamtazama, amejiegemeza ukutani, na nikaziweka chini. Niliwahamishia wengi Misri kuikabili Ulaya, nikabakiza 2 Afrika Kaskazini, nikapeleka dadu kwa binti. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa, hatimaye, mtu anayejua kuacha.

Binti alitoka Venezuela, akachukua Brazili, akachukua Argentina, akanyoosha mkono kupokea karata 4. Pamoja na zake 3 alipata seti mbili, 12 na 15, askari 27. Aliingia Afrika Kaskazini, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimebaki Madagaska. Dereva alicheka, akajinyoosha mkekani.

"Ungemwachia hata zamu moja," nilimwambia binti tukiwa tunahesabu maharage.

"Mjomba, alikuwa anasinzia tangu alipokaa. Nimempa ruhusa ya kwenda kulala."

Nililibeba jibu hilo kwa siku kadhaa. Ilinijia kwamba huruma yangu ilikuwa inamweka macho mtu aliyechoka ili mimi nijione mwema, na ukatili wake ulimpa mkeka. Kisha ikanijia kinyume chake, kwamba binti alitaka karata tu na jibu alilitunga baadaye, kama tunavyofanya sote. Nilikuwa bado nalizungusha nilipokutana na dereva mwenyewe, foleni imeisha, gari lina mafuta, ananipeleka mjini kati. Nikamweleza kwamba sikumshambulia kwa makusudi. Nilitegemea ashukuru kidogo.

Akanitazama kwenye kioo. Alikuwa na seti, alisema. Karata ya mwisho ndiyo iliyoikamilisha, na zamu yake ilikuwa inafuata baada ya binti. Angeweka askari 12 wote Brazili, na alishaona kwamba Afrika Kaskazini nimebakiza 2.

Nikamuuliza angeishia wapi.

"Misri," akasema. "Labda ningeshuka hadi Kongo. Ningeona dadu zinasemaje."